Siwa ya mahafali: iweje, itengenezwe vipi, na nani aibebe

Swali: Mimi ni katibu wa kamati ya mahafali ya kwanza ya chuo kikuu kipya hapa Tanzania. Tumeambiwa bila siwa hatuwezi kutunuku shahada. Mjumbe mmoja anataka tuagize nje rungu la dhahabu kama lile la Bunge la Uingereza. Mwingine anasema tunakosea hata jina, kwamba siwa ni pembe ya kupuliza. Fundi naye yuko tayari kutuchongea ya mpingo. Je, siwa ni lazima? Iweje, ya uzito gani, na nani anapaswa kuibeba?

Jibu:

Ndugu Katibu,

Nianze na hilo linalowatia hofu. Nguvu ya shahada zenu inatoka kwenye hati idhini ya chuo, maamuzi ya Seneti ya chuo, na yule ambaye hati hiyo inampa mamlaka ya kutunuku. Kinachofunga cheti ni lakiri, yaani muhuri rasmi wa chuo. Siwa, yaani rungu la heshima linalobebwa mbele ya mwenye kiti, ni ishara ya wazi kwamba mkutano ule si mkusanyiko wa kawaida, kwamba mwenye kiti ameingia na anatenda kwa mamlaka ya chuo. Someni hati yenu na kanuni zenu. Kama hazitaji siwa, mahafali bila siwa ni mahafali halali. Mfano ninaoupenda ni wa Kanada. Usiku wa tarehe 3 Februari 1916 jengo la Bunge mjini Ottawa liliungua, na rungu la baraza la wabunge wa kuchaguliwa (House of Commons) likayeyuka. Kesho yake wabunge walikutana kwenye jengo la makumbusho, wakaazima la Seneti, baraza la pili la Bunge hilo, na baadaye wakatumia la mti mpaka jipya lilipopatikana mwaka 1917. Hakuna aliyesema Kanada haina Bunge. Lakini angalieni pia kwamba hawakutaka kukaa bila chochote mezani. Hata la kuazima walilitafuta. Kwa hiyo msiogope, ila msilifanyie jambo hili mzaha.

Kuhusu jina, mjumbe wenu wa pili yuko sahihi, na bado hamjakosea. Siwa ya asili ni pembe kubwa inayopulizwa kwa tundu la ubavuni. Mbili mashuhuri zaidi ni ile ya Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, ya pembe za ndovu, yenye urefu unaozidi mita mbili, na ile ya Lamu, ya shaba. Haikupulizwa ovyo. Ilitoka kwenye harusi na sherehe za nyumba kubwa na kwenye mambo ya utawala, na anayetaka kuitumia alipaswa kuiomba. Masimulizi ya Pate yanamtaja Mwana Darini, aliyenyimwa siwa kwa ajili ya sherehe yake, akamtafuta fundi amtengenezee yake kwa siri. Unguja nako, Mwinyi Mkuu wa Dunga, mtawala wa jadi, alikuwa na ngoma zake na siwa zake za mti. Bunge letu lilipohitaji neno la Kiswahili kwa rungu linalomtangulia Spika, likachukua jina la kitu ambacho watu wa pwani walikuwa wakikijua kwa kazi ileile: kutangaza kwamba mwenye mamlaka amefika. Pembe ilitangaza kwa sauti, rungu linatangaza kwa kuonekana. Kenya utasikia yote mawili, rungu na siwa. Tumieni jina la siwa bila wasiwasi.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo kamati nyingi huyachanganya. Kifimbo cha Mwalimu Nyerere, usinga wa Mzee Kenyatta na rungu la Rais Moi vilikuwa alama za mtu. Kila mmoja alitembea na chake, na anayemfuata hakurithi. Siwa ni ya kiti. Mkuu wa Chuo akibadilika, siwa haibadiliki. Ndiyo maana haishikwi na mkubwa mwenyewe. Hubebwa mbele yake na mwingine. Na ndiyo maana sishauri kuchonga juu yake jina wala sura ya Mkuu wa Chuo wa sasa, mfadhili, au Makamu Mkuu wa Chuo aliyepitisha bajeti. Majina yao yana mahali pazuri kwenye kibao cha sanduku la kuhifadhia.

Sasa wazo la kuagiza la Uingereza. Kwanza, lile si la dhahabu. Ni la fedha iliyopakwa dhahabu, lina urefu wa karibu mita moja na nusu, na limebaki tangu zama za Mfalme Charles II, baada ya lile lililotangulia kuitwa mchezo mtupu na jemadari Oliver Cromwell alipowafukuza wabunge tarehe 20 Aprili 1653. Pili, umbo lake lina maana ambayo ninyi hamuihitaji. Rungu la vita lilikuwa na mabapa ya chuma kichwani ya kuvunjia deraya, yaani mavazi ya chuma ya askari, na kwenye kitako cha mpini kulikuwa na nafasi ndogo ya kuchora nembo ya mfalme. Askari walinzi walipoanza kulitumia kama kitambulisho, kilichohitajiwa kuonekana kikawa kitako, siyo kichwa. Nembo ikakua, taji likawekwa juu yake, na mwishowe rungu likageuzwa: kitako kikawa juu, kichwa cha vita kikawa kipambo kidogo chini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya juu ni taji la mfalme na kinachobeba taji. Mkiinakili, mnabeba taji la mfalme wa watu wengine mbele ya Mkuu wenu wa Chuo.

Wamarekani walilitambua hilo mapema. Rungu la Baraza lao la Wawakilishi, lililotengenezwa mwaka 1841 baada ya la kwanza kupotea kwenye moto waliouwasha Waingereza mwaka 1814, halina taji. Ni fito 13 za mti mweusi unaofanana na mpingo, moja kwa kila jimbo la mwanzo, zimefungwa pamoja kwa fedha, na juu kuna tufe na tai. Urefu wake ni inchi 46, yaani kama sentimita 117. Ukilitazama tu unajua linasema nini. Ninyi pia chagueni kitu kimoja cha kusema, kisichozidi kimoja, na kikae kichwani. Kama nembo ya chuo ni mwenge na kitabu, basi mwenge na kitabu. Kamati zikianza kuongeza mlima, twiga, karafuu, gurudumu na mshale, kichwa kinakuwa kizito na kutoka safu ya tano hakuna anayeona chochote. Nembo ya Taifa nayo inalindwa na sheria; msiiweke bila kibali.

Mpingo ni chaguo zuri sana, ila fundi wenu awaambie ukweli kuhusu mti huo. Mpingo haukui wima. Shina lake ni fupi, limepinda, lina mashimo na nyufa, na kupata kipande cha mita nzima kilichonyooka, cheusi kitupu bila ule mti mweupe wa nje, ni kazi ngumu. Akikuahidi mpini wa kipande kimoja cha mita moja kwa wiki mbili, ama ataupata ukiwa mbichi ama atapaka rangi mti mwingine. Mpingo mbichi hupasuka baada ya kukerezwa, tena mara nyingi baada ya kung'arishwa, mkiwa mmeshalipa. Njia bora ni vipande vitatu vya sentimita 33 kila kimoja, vilivyokatwa kwa vipimo vya ziada, vikapakwa nta ya nyuki kwenye miisho yote miwili ili visikauke kwa kasi kutokea huko, vikakaa kivulini penye hewa kwa miezi kadhaa. Mkiwa na haraka, nunueni kwa mchongaji mwenye akiba ya zamani, wengi wanayo.

Vipande vitatu vina faida nyingine kubwa. Ndani ya mpini mtapitisha fito la chuma kisichoshika kutu, lenye unene wa milimita 10. Kutoboa mita moja ya mpingo katikati bila keekee kuhama njia karibu haiwezekani, lakini sentimita 33 inawezekana, ukitoboa kutoka pande zote mbili. Maungio yanafunikwa na pete za shaba ya manjano, ile mafundi wanaita brasi, zenye upana wa sentimita 3. Fito liwe na hesi miisho yote: juu linaingia kwenye kichwa, chini linapokea nati iliyofichwa ndani ya kitako, ikiwa na washa ya springi. Siwa nzima inakazwa kwa nati hiyo moja. Msitegemee gundi peke yake. Mpingo una mafuta ya asili, na gundi ya epoksi hushika juujuu tu kama uso haukufutwa kwa asetoni dakika chache kabla. Hata ikishika, siwa nyeusi ikiachwa kwenye buti la gari juani hupata joto la kutosha kulainisha epoksi ya kawaida, na pete zinaanza kuzunguka. Springi inasaidia pia mkiitengenezea Dar es Salaam na kuipeleka Dodoma: mti unapoingia kwenye hewa kavu husinyaa, na kilichobana pwani kinalegea bara. Mnakaza nati kidogo, basi. Mkerezaji avae barakoa, kwani vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua.

Uzito ndio unaoharibu siwa nyingi, kwa hiyo tufanye hesabu. Mpini wa mpingo wenye kipenyo cha sentimita 3.5 na urefu wa mita moja una ujazo wa sentimita za ujazo 960 hivi. Mpingo ni mzito kuliko maji, kama gramu 1.25 kwa kila sentimita ya ujazo, hivyo mpini ni kilo 1.2. Fito la ndani, ukitoa mti uliotobolewa, linaongeza nusu kilo. Kitako cha shaba cha kipenyo cha sentimita 5 na kimo cha sentimita 4 ni kama gramu 670. Sasa kichwa. Tufe la shaba la kipenyo cha sentimita 12 likiwa gumu ndani lina kilo 7.7. Tufe hilohilo likifuliwa kwa bati la shaba la milimita 2, likawa tupu ndani, lina robo tatu ya kilo hivi. Kwa macho hakuna tofauti yoyote.

Lakini kwa bega la mbebaji tofauti ni hii. Siwa ya kichwa kitupu inakuwa na kilo 3.2 hivi, na ukiiweka kwenye kidole inasimama sawa kwenye sentimita 57 kutoka kitakoni, karibu nusu ya urefu wake wote unaokaribia sentimita 120. Inakaa begani kama imezaliwa hapo, na mkono unaoshika chini unaielekeza tu. Siwa ya kichwa kigumu ina zaidi ya kilo 10, na mizani yake imehamia sentimita 93. Begani inaangukia nyuma, na ili isianguke mbebaji anaikandamiza chini kwa mkono kwa nguvu ya karibu kilo 8, huku amevaa joho zito, anapanda ngazi za jukwaa. Nguvu hizo zote mbili zinaishia begani. Ukimwona mbeba siwa anatembea ameinamisha shingo upande, usimlaumu. Ni kichwa cha siwa. Kwa hiyo andikeni kwenye mkataba wa fundi: uzito wote usizidi kilo 4, na mizani iwe kati ya sentimita 50 na 60 kutoka kitakoni. Ipimeni kwa mizani ya dukani na kidole kabla ya kumalizia malipo. Kama mpingo umekosekana kabisa, mninga ni mwepesi karibu nusu yake na unang'aa vizuri. Pembe ya ndovu msiiguse, hata kipande cha kupambia. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989, na kumiliki bila kibali ni kosa la jinai.

Mapambo ya kichwani yasitokeze ncha. Mikono ya joho ni mipana, na jani moja la shaba lililochomoza linaweza kuvuta joho la mbebaji, au la Mkuu wa Chuo aliye nyuma, mbele ya kamera zote. Sehemu ya kushikia, sentimita 15 za chini, isilainishwe kama kioo. Glavu nyeupe za pamba juu ya mpingo uliopigwa nta huteleza kama sabuni. Mwambieni mkerezaji aweke mifereji midogo kuzunguka sehemu hiyo. Inapendeza na inashikika.

Stendi yake husahauliwa mpaka asubuhi ya mahafali, halafu siwa inalazwa juu ya kitambaa cha meza kama mwiko. Tengenezeni panda mbili za mti uleule, umbali wa sentimita 60 kati yake, kila moja ikiwa na nafasi inayozidi unene wa mpini kwa milimita 5, na ndani mbandike mahameli. Mpini wa mviringo hujiviringisha wenyewe, nembo ikaishia kutazama chini. Dawa yake ni pini ndogo ya shaba kwenye pete moja, inayoingia kwenye tundu la panda. Katika mabunge yanayofuata mila ya Uingereza stendi huwa na ngazi mbili: rungu likiwa juu, Bunge linakaa rasmi, likishushwa chini, Bunge limekuwa Kamati ya Bunge Zima na Spika ameacha kiti chake. Chuo hakihitaji ngazi ya chini. Siwa ikiwa kwenye panda, mahafali yanaendelea. Isipokuwepo, hayajaanza au yamekwisha.

Mbebaji asichaguliwe kwa cheo. Wengine humpa msajili, wengine mhadhiri mwandamizi, wengine mhitimu wa zamani. Yote yanakubalika, mradi awe mtu wa chuo, mwenye bega na goti zima, asiye na kazi nyingine jukwaani siku hiyo, na awepo wa akiba aliyefanya mazoezi naye. Mahali pake kwenye maandamano ya kitaaluma ni mara tu mbele ya Mkuu wa Chuo, au mbele ya yule anayekaimu kiti kwa mujibu wa hati. Vipo vyuo ambavyo siwa huongoza maandamano yote, lakini mimi naona inapoteza maana pale inapotembea mita hamsini mbali na mwenye mamlaka. Mgeni rasmi, hata akiwa waziri, hatanguliwi na siwa ya chuo isipokuwa yeye ndiye mwenye kiti.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Wote wanasimama. Siwa begani kulia, mkono wa kulia umeshika chini, wa kushoto ubavuni. Mbebaji akifika jukwaani husimama pembeni ya meza akitazama kiti, si hadhira. Mkuu wa Chuo akifika kitini, mbebaji anashusha siwa kwa mikono miwili, anailaza kichwa kikielekea kulia kwa mwenye kiti, anarudi hatua moja, anainamisha kichwa, ndipo mshika utaratibu anaashiria wengine kukaa. Kanada pia kichwa huelekea kulia kwa Spika, upande wa serikali. Kwenu chagueni upande mmoja na kuuandika ili mwaka ujao pasitokee ubishi. Mkuu wa Chuo akishatamka kufunga mahafali, siwa ndiyo ya kwanza kuinuliwa. Kosa la kawaida ni la mshereheshaji kuwaambia watu "mnaweza kukaa" siwa ikiwa bado hewani. Mpeni maelekezo yake kwa maandishi.

Kuihifadhi si kazi kubwa. Vua glavu baada ya kazi, si kabla. Jasho lina chumvi, na alama ya vidole kwenye shaba huwa doa la kahawia baada ya wiki chache. Futa kwa kitambaa cha pamba kikavu, shaba iliyopakwa vanishi usiisugue kwa dawa ya kung'arisha kwa sababu utaitoa vanishi kwa mabaka, na mpingo upake nta ya nyuki kidogo mara moja kwa mwaka. Kama mna sehemu ya fedha, sanduku lisitandikwe kitambaa cha sufu. Sufu ina salfa na fedha itakuwa nyeusi gizani. Sanduku liwe na funguo mbili kwa watu wawili. Tarehe 18 Aprili 2018 watu waliingia ukumbini mwa Seneti ya Nigeria kikao kikiendelea, wakaondoka na rungu, na likaokotwa kesho yake chini ya daraja la barabara mjini Abuja. Seneti ilikuwa na la akiba, ikaendelea na kazi. Chuo kipya hakitakuwa na la akiba, kwa hiyo pigeni picha pande zote, pimeni uzito, na ingizeni siwa kwenye daftari la mali za chuo ikiwa na namba yake.

Kabla hamjampa fundi hata shilingi moja, chukueni bomba la plastiki la inchi moja na robo, likateni sentimita 120, lijazeni mchanga mpaka lifike kilo 2, fungeni mfuko wa mchanga wa robo tatu ya kilo juu na wa nusu kilo chini. Mwiteni mtu mnayemfikiria, avae joho, apande na kushuka ngazi za jukwaa lenu mara tano. Kisha mbadilishieni mfuko wa juu, muweke wa kilo 7, apande tena. Mjumbe anayetaka rungu zito la kuagiza naye awepo akitazama.